Mwenye Mali ni Fundi: Chuma cha Ufipa, Viwanda vya Uturuki na Gesi ya Bonde la Rukwa

Mhadhara kwa wakazi, walimu na wanafunzi wa Mtowisa

  

Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya Uturuki katika sayansi, nishati na zana za ulinzi. Mwalimu aliyeniandikia alisema wanafunzi wake wameona kwenye simu ndege za Kituruki zisizo na rubani, nao wanataka kujua nchi hiyo ilifikaje hapo. Ni swali zuri, na nitalijibu. Lakini nitaanzia hapahapa bondeni, kwenye mashine ya kusaga.

Nilipokuwa mdogo, mashine tuliyoitegemea ilivunjika beringi. Mwenye mashine alikuwa mtu wa uwezo, mwenye ng'ombe na nyumba ya bati. Akaifunga beringi ile kwenye kitambaa, akampa kijana wake aipande nayo milima hadi Sumbawanga kutafuta nyingine. Kijana akarudi siku ya tatu na beringi isiyoingia. Akarudishwa tena. Siku tisa mama zetu walitwanga kwenye vinu, au walijitwika madebe kwenda kijiji cha mbali, wakirudi na unga usiku. Siku ya tisa akapita mzee mmoja fundi, hana hata mbuzi. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza. Akaenda kwenye trekta bovu lililokuwa limeota nyasi, akatoa beringi, akaitengenezea bushi kwa kipande cha bomba, akakipiga tupa hadi kikakaa sawasawa. Usiku huohuo tulikula ugali wa mashine.

Tangu siku zile nimekuwa nikijiuliza: mashine ile ilikuwa ya nani? Karatasi za kununulia alikuwa nazo tajiri. Lakini kwa siku tisa ilikuwa chuma tu, mpaka alipokuja anayeijua. Ninachotaka kuwaambia leo ni hicho: kitu kinakuwa chako siku unapoweza kukitengeneza kikiharibika. Kabla ya hapo umekiazima, hata kama umekilipia, na hata kama kiko chini ya shamba la babu yako. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tanuri lililozimika

Pandeni mlima, mpite ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mfike uwanda wa juu wa Ufipa. Mtakuta mashamba ambamo jembe hugonga mabonge meusi, mazito, yenye vitundu. Watoto huyarusha kama mawe. Ni mavi ya chuma, mabaki ya kazi iliyofanywa na mababu zetu kwa vizazi vingi.

Tanuri lao liliitwa ilungu, na mengi ni malungu. Lilikuwa la udongo, refu kumzidi mtu mzima, mengine yakikaribia mita 3. Mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu, maana udongo wa mchwa hushikana na huvumilia moto. Chini kulikuwa na matundu pande zote, na ndani yake mabomba ya udongo ya kupitishia hewa. Hapakuwa na mtu wa kuvuta mvukuto. Urefu wa tanuri ndio uliovuta hewa, kama bomba la moshi linavyovuta. Walijaza makaa na mawe ya chuma, wakawasha, wakalinda moto kwa siku kadhaa, usiku na mchana.

Wanafunzi wa kemia, sikilizeni. Makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi inayonyang'anya oksijeni iliyoshikana na chuma ndani ya jiwe. Chuma kinabaki peke yake. Ndivyo yanavyofanya kazi matanuri makubwa ya Ulaya na China hata leo. Na kwa kuwa bonge lililotoka kwenye ilungu bado lilikuwa na uchafu, Wafipa walikuwa na tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika na chuma kikasafishwa, kisha kikaenda kwa mhunzi kufuliwa majembe, mashoka na mikuki. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, amechimbua mabaki ya kazi hii na kuonyesha kwamba eneo letu halikuwa na njia moja tu ya kuyeyusha chuma. Zilikuwepo kadhaa, zikitofautiana kwa tanuri na kwa utaalamu.

Basi kilitokea nini? Yalikuja majembe ya dukani, ya bei nafuu. Wanaume wakaenda kutafuta pesa ya kodi kwenye mashamba ya mkonge na migodi ya dhahabu. Ujuzi wa malungu ulikuwa umefungwa ndani ya koo chache, pamoja na dawa na miiko yake, haukuandikwa popote. Wazee walipozeeka hawakuwa na wa kumrithisha. Kufikia katikati ya karne ya 20 moto ulikuwa umezimika. Baada ya Uhuru tulijaribu upya kwa njia nyingine: kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikatupa majembe yetu wenyewe, nacho baadaye kikayumba. Leo ingieni duka la vifaa pale Sumbawanga, geuzeni jembe, msome mhuri. Mara nyingi mtasoma jina la nchi ya mbali.

Siwaambii haya ili tujisifu kwa mababu. Nawaambia kwa sababu yanauma. Watu waliojua kutoa chuma kwenye jiwe leo wanaagiza jembe. Ujuzi ukikosa mwanafunzi, kizazi kimoja tu kinatosha kuuzika.

Waturuki nao waliwahi kuzima tanuri lao

Vijana mnaoziona ndege za Kituruki mnaona mwisho wa hadithi. Mwanzo wake umejaa kushindwa.

Mwaka 1936 tajiri mmoja wa Istanbul aitwaye Nuri Demirağ, aliyepata mali yake kwa kujenga reli, alifungua kiwanda cha ndege. Akaunda ndege za kufundishia marubani, kisha ndege ya abiria. Mwaka 1938 mhandisi wake alikufa katika ajali ya ndege mkoani Eskişehir, na chama cha usafiri wa anga kilichokuwa kimeagiza ndege zake kikazikataa. Akaenda mahakamani, akashindwa. Miaka michache baadaye kiwanda kikafungwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja ndege za msaada kutoka Marekani, na viwanda vya ndege vya serikali navyo vikakosa kazi. Nani atengeneze kwa jasho wakati za bure ziko mlangoni?

Mwaka 1961 wahandisi wa Kituruki walikusanyika kwenye karakana ya reli huko Eskişehir wakapewa agizo la kuunda gari la kwanza la taifa. Walifanya kazi siku 130 wakatoa magari 4, wakayaita Devrim, yaani mapinduzi. Tarehe 29 Oktoba, sikukuu ya jamhuri, Rais Cemal Gürsel akapanda mojawapo mjini Ankara. Likaenda kama mita 100, likazimika. Petroli ilikuwa imekwisha, maana yalisafirishwa kwa treni na matangi yaliachwa karibu matupu kwa usalama. Magazeti yakawacheka, na mradi ukafa. Mradi mwingine wa gari la taifa, Togg, ulianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2023. Hesabuni wenyewe: miaka 62, kwa sababu watu walicheka tangi tupu wakasahau kutazama injini.

Kilichowaamsha ni kunyimwa. Julai 1974 Uturuki ilipeleka jeshi Cyprus, na Februari 1975 Marekani ikawawekea vikwazo vya silaha hadi 1978. Wakatambua kwamba ndege na redio walizozihesabu kuwa zao zilikuwa na mwenyewe, naye yuko ng'ambo ameshikilia spea. Mwaka uleule wa 1975 wakaanzisha kampuni ya ASELSAN ili watengeneze redio za mawasiliano za jeshi. Zingatieni: walianza na redio. Miaka ya 1980 wakaingia mkataba wa kuunganisha ndege za F-16 nchini mwao, na kiwanda kile kikawa chuo kwa maelfu ya mafundi.

Kampuni ya Baykar, inayounda ndege za Bayraktar, ilianza mwaka 1984 ikitengeneza vipuri vya magari. Ndege yao ya TB2 iliruka mara ya kwanza mwaka 2014, na ilikuwa ikitumia kamera kutoka Kanada. Mwaka 2020, ndege hizo zilipotumika katika vita vya Karabakh, Kanada ikasimamisha kuwauzia kamera. ASELSAN ilikuwa tayari na kamera yake, ikachukua nafasi. Ndiyo tofauti ya mwenye fundi na asiye naye: wote wawili hunyimwa, lakini mmoja anajua la kufanya kesho yake asubuhi.

Katika nishati walifanya vivyo hivyo. Uturuki huagiza sehemu kubwa ya mafuta na gesi yake. Badala ya kuendelea kukodi meli za kuchimba, kuanzia 2017 walinunua za mitumba wakaweka mabaharia na wahandisi wao wajifunze juu yake. Agosti 2020 mojawapo, iitwayo Fatih, ilipata gesi chini ya Bahari Nyeusi, na Aprili 2023 gesi hiyo ikafika nchi kavu.

Yuko pia Aziz Sancar, aliyezaliwa Savur, mji mdogo wa mkoa wa Mardin, kwa wazazi wasiojua kusoma, akiwa mmoja wa watoto wanane. Akasomea udaktari, akarudi kutibu watu kwao, kisha akaenda Marekani kufanya utafiti. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha jinsi seli inavyojirekebisha pale chembe zake za urithi, yaani DNA, zinapoharibika. Hata mwili, ndugu zangu, huishi kwa kuwa una mafundi wake ndani.

Sitaki kuwapamba kupita ukweli. Ndege yao mpya ya kivita, KAAN, iliyoruka Februari 2024, inasukumwa na injini za Kimarekani. Kituo chao cha nyuklia cha Akkuyu, chenye vinu vinne na megawati 4,800 kitakapokamilika, kinajengwa na Warusi. Ila hata huko walipeleka vijana mamia kusomea uhandisi wa nyuklia Urusi. Na ndege zile zisizo na rubani zimeua watu: Libya, Karabakh, Ukraine. Chombo cha kuua hubaki chombo cha kuua, hata kikiwa kimeundwa kwa akili nyingi. Ninachokitafuta kwao ni nidhamu ya kutokukubali kubaki mnunuzi tu, na nidhamu hiyo inafaa kwa kinu cha kusagia na kwa mashine ya hospitali kama inavyofaa kwa ndege.

Reli tuliyojengewa

Waturuki hawako mbali nasi. Kampuni yao ya Yapı Merkezi ndiyo iliyojenga reli ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na hadi Dodoma tarehe 25 Julai. Reli imewekwa na Waturuki, mabehewa mengi ya abiria na vichwa vya treni vimetoka Korea. Nimepanda, nikafurahi kama mtoto. Kisha nikamtazama kijana wetu aliyevaa fulana ya kazi pembeni mwa njia, ameinama kwenye boksi la ishara na mita ya umeme mkononi. Nikasema moyoni, huyu ndiye reli yenyewe. Akilijua boksi lile hadi mshipa wa mwisho, reli ni yetu. Asipolijua, tutakuwa tunasubiri beringi kutoka Sumbawanga.

Gesi iliyo chini yetu

Sasa tuje bondeni. Wengi wenu mmeona chemchemi za maji moto zinazotoa mapovu. Mapovu yale kwa sehemu kubwa ni naitrojeni, gesi iliyojaa hewani. Lakini ndani yake imo heli, katika baadhi ya chemchemi kwa kiasi kinachokaribia sehemu moja ya kumi. Mahali pengi duniani heli huchimbwa ikiwa chini ya asilimia 1.

Imetoka wapi? Miamba ya nchi yetu ni ya kale mno, na ndani yake kuna urani na thori. Madini hayo hujivunja polepole, na kila yanapojivunja hurusha chembe ndogo ambayo ikitulia huwa heli. Kwa mamilioni na mamilioni ya miaka gesi hiyo ilibaki imefungwa ndani ya mwamba. Kisha ardhi ikapasuka likatokea Bonde la Ufa, likaja na joto la volkano, na joto hilo likaifungua ikaanza kupanda.

Mwaka 1868 wanajimu waliiona heli kwenye mwanga wa jua kabla ya mtu yeyote kuishika. William Ramsay aliipata duniani mwaka 1895. Marekani iliiona ni mali ya ulinzi: mwaka 1925 wakaanza kuiwekea akiba ya taifa huko Texas kwa ajili ya ndege kubwa za puto, wakazuia isiuzwe nje. Wajerumani, walioikosa, wakajaza haidrojeni kwenye ndege yao ya Hindenburg, nayo ikawaka moto Mei 1937 na watu 36 wakafa. Leo heli husafisha matangi ya roketi, husaidia kutengeneza vipande vya ndani ya simu na nyaya za intaneti, na ikiwa kimiminika, kwa nyuzi 269 chini ya sifuri, hupoza sumaku za mashine ya MRI inayopiga picha za ndani ya mwili.

Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili bondeni, Ivuna na Galula, ikitafuta mafuta. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu ya bonde hili inakadiriwa kuwa na heli ya futi za ujazo bilioni 54. Mwanzoni mwa 2024 kampuni hiyo ilipata heli kwenye kisima cha Itumbula, upande wa Songwe, na majaribio ya mwaka uleule yakatoa gesi yenye heli ya kiasi cha asilimia 5. Sheria yetu ya madini inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Ni jambo jema. Lakini asilimia ya hisa inapimwa kwa shilingi, na ujuzi hauna hisa: unao au huna.

Nimeshuhudia maana ya hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka shangazi yangu, mwenyeji wa bonde hili, kwenye hospitali kubwa ya mji mmoja ambao sitautaja. Alikuwa anapoteza nguvu za mguu. Daktari akaandika kipimo cha MRI. Tulipofika kwenye chumba tukakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: mashine ni mbovu, fundi anasubiriwa kutoka nje ya nchi. Tulikaa kwenye benchi, shangazi amekunja karatasi ya daktari mara nne kwenye kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe hata wao wanasubiri?" Tukarudi. Mguu haukupona. Ndani ya mapovu yanayopanda karibu na alikozaliwa imo gesi ya kupoza mashine za namna ile, na yeye alikosa kipimo kwa kukosekana fundi.

Bonde hili limezoea kuwafundisha wengine. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Ni miongoni mwa vimondo adimu kabisa, na wanasayansi wamekilinganisha na mchanga ambao chombo cha Japani kiliuleta kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020. Vipande vyake vimetunzwa ughaibuni, London wakiwa na chao. Ni watoto wangapi wa Rukwa wanaolijua jina la Ivuna kama wanavyolijua wanasayansi wa huko?

Tunachopaswa kudai

Nina mambo matatu.

La kwanza nawaelekezea viongozi na wawekezaji. Kila mkataba wa gesi useme ni vijana wangapi wa mkoa huu watafundishwa kuchimba, kuchuja na kuigeuza gesi kuwa kimiminika, na kwa muda gani. Tuwahesabu kwa majina, kama tunavyohesabu mapipa. Tuna vyuo vya ufundi vya VETA, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimefika Rukwa. Waliofanya kazi kwenye kisima waende kufundisha huko.

La pili ni letu, walimu. Tufundishe kwa kufungua vitu. Mkoa huu kwa miaka mingi umewashiwa taa kwa umeme unaotoka Zambia, kisha ikaanza kujengwa njia mpya ya kutuunganisha na gridi yetu kupitia Tunduma. Mwanafunzi wa fizikia apelekwe akaone transfoma, aulize kwa nini inanguruma. Na tuandike. Malungu yalikufa kwa kukaa vichwani.

La tatu ni lenu, wazazi. Mtoto akifungua redio yenu ikabaki na skrubu moja mezani, msimpige. ASELSAN walianza na redio.

Yule mzee wa beringi alishatangulia mbele za haki. Lakini usiku ule, wakati anapiga tupa, kulikuwa na mtoto anayemshikia tochi. Mkono ulimchoka, mzee akamwambia, "Inua juu kidogo, uone na wewe." Mtoto yule leo ndiye fundi wa mashine tatu kati ya zinazosaga hapa, naye amekaa mstari wa nyuma. Malungu hayakuwa na wa kushika tochi mwishoni, ndiyo maana tunayakuta leo kama mawe shambani.

Nimezungumza naye kabla ya kuja hapa. Jumamosi asubuhi anafungua injini nzima, na anahitaji watu wawili wa kumshikia tochi. Amesema wasichana na wavulana wote ni sawa. Ninyi vijana mliosimama dirishani kwa kukosa viti, nawaona. Nani anaenda?